Maua ya Ufipa: Ya kuchimbwa au ya kutazamwa?

MTU anayepanda milima ya Mbizi kutoka mjini Sumbawanga huanza safari akiwa tayari juu. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwavalisha makoti hata wenyeji.

Kundi linaloondoka alfajiri hupita kwanza kwenye mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Huko huonekana matuta ya mviringo ya Wafipa, ambayo hufukiwa nyasi ili zioze na kurutubisha udongo. Ni utaalamu wa zamani kuliko mbolea ya dukani.

Juu zaidi ni msitu, na humo yumo mbega mwekundu. Jamaa zake wako Gombe na Mahale, na Kibale nchini Uganda, lakini wa Mbizi wamebaki kisiwani, wamezungukwa na mashamba. Upande wa mashariki ardhi huporomoka hadi Bonde la Rukwa, na siku isiyo na ukungu ziwa huonekana.

Hata hivyo, kinachomgusa mkulima mfukoni kiko kwenye nyasi. Mvua zikikolea, okidi huchanua. Viazi vyake, maarufu kama chikanda, hutwangwa na kupikwa na karanga, na ni chakula kinachopendwa sana Zambia. Okidi zilipoadimika huko, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka.

Mchimbaji hulipwa mara moja, na mmea mara nyingi hufa. Kwingineko maua hayo hayo yanalipa yakiwa ardhini: Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na wageni hutoa kiingilio kuyaona. Lushoto nako, vijana wamekuwa wakiongoza watembezi milimani tangu miaka ya 1990, mpango wa utalii wa utamaduni ulipoanza kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi.

Sumbawanga iko mbali na njia za watalii wa Arusha, hivyo kumsubiri mzungu ni kupoteza muda. Soko la karibu ni walimu, wanafunzi, wanakwaya na wafanyakazi wa mjini. Hao watanunua uji wa ulezi, mahindi ya kuchoma na asali wakivikuta njiani. Wasipovikuta, watabeba biskuti.

Mbizi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo kundi lianzie ofisini kwao kuulizia kibali na ada. Anayetaka maua apande wakati wa masika, na viatu vya kuhimili tope. Anayesubiri Septemba anaweza kukuta nyasi zimeshapitiwa na moto.