Aliyeomba Kusimuliwa

Salma, binti mmoja wa sultani wa Oman na Unguja, Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, alijifunza kuandika kwa siri. Wasichana wa ukoo wake walifundishwa kusoma Qurani, lakini kalamu ilihesabiwa kuwa si kitu cha mwanamke. Salma akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao zamani hizo watoto waliutumia kama ubao wa kuandikia, akaweka msahafu mbele yake na kuiga herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Ujuzi ule ulimponza. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipokula njama ya kumwondoa ndugu yao mwingine, Sayyid Majid, katika kiti cha usultani, Salma, ambaye umri wake ulikuwa kama miaka kumi na mitano tu, ndiye aliyeandika barua za wala njama. Mpango ulishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay, na msichana akabaki na lawama za ndugu wa pande zote mbili.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Alibatizwa Aden, akaolewa huko huko, akaitwa Emily. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Kumbukumbu zake, zilizotoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, alianza kuziandika kwa ajili ya watoto hao, ili wajue mama yao alitoka wapi.

Msomaji wa tawasifu yeyote anafaa kuanza na jambo hilo: nani aliomba kusimuliwa? Watu wengi hukifungua kitabu cha maisha ya mtu wakiuliza kama anasema kweli. Ni swali la haki, ila mara nyingi halijibiki. Shahidi ni mmoja, naye ndiye mshtakiwa. Kumjua msikilizaji ni rahisi zaidi, na kunaeleza mengi. Kunaonyesha kwa nini jambo fulani limerefushwa kurasa kumi, na jingine, pengine zito kuliko lile, limepitwa kwa sentensi moja.

Kwa Salma inaonekana waziwazi. Anawaelezea watoto wake wa Ujerumani mabafu ya Mtoni, jinsi baba yake alivyozoea kutembea huku na huko barazani akiwa ameinamisha kichwa, mavazi, vyakula, sikukuu, wivu wa masuria. Maelezo hayo hayapatikani kwa mwandishi mwingine yeyote wa wakati ule, kwa sababu hakuna balozi wala mmisionari mwanamume aliyepita mlango wa ndani. Lakini nyuma ya watoto walisimama wasomaji wa Ulaya waliomwona kama kioja, na kila anapowakumbuka sauti hubadilika. Hapo hulinganisha, hubishana, hutetea. Ana sura nzima juu ya utumwa, na humo anashikilia kwamba utumwa wa Mashariki haukufanana na ule wa Marekani. Ni maneno ya mtu aliyehudumiwa na watumwa tangu siku aliyozaliwa. Msomaji wa leo asizirukie kurasa hizo kwa hasira. Zinafundisha namna mtu mwenye akili na uchungu wake mwenyewe anavyoweza kutouona uchungu wa mwenzake aliye chumba cha pili.

Aliandika pia barua ndefu, kama anayezungumza na rafiki aliyebaki Unguja, juu ya upweke wake Ujerumani. Hazikuchapishwa akiwa hai. Alikufa Jena mwaka 1924. Katika barua hizo hayupo wa kujitetea mbele yake, wala Mzungu wa kuelimishwa, na mwandishi ni yule yule.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ni habari nyingine kabisa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alistaafu Unguja baada ya kutoka Kongo mwaka 1890, na uzeeni Mjerumani aliyemfahamu, Heinrich Brode, alimhimiza aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akayahamisha maandishi kwenye herufi za Kirumi, akayatafsiri, na yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Wataalamu wengi huihesabu kuwa ndiyo tawasifu ya kwanza katika Kiswahili, na miaka ya baadaye ilichapwa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley.

Anayekifungua kitabu hicho akitarajia mzee anayetafakari dhambi zake atashangaa. Hakuna majuto, hakuna mandhari, hakuna machozi. Kinaanza na mvulana wa miaka kumi na miwili anayefanya safari fupi za biashara ya sandarusi, na tangu hapo ni hesabu: frasila za pembe, bunduki, wapagazi, mikopo ya mfanyabiashara Taria Topan, nani alilipa na nani alikiuka ahadi. Stanley, ambaye Ulaya ilimjua kama shujaa wa Afrika, kwa Tippu Tip ni mteja aliyeahidi fedha asizozitoa. Mabadiliko hayo ya kiti peke yake yanatosha kumfanya mtu akisome kitabu.

Kisa kimoja kinastahili kusomwa taratibu. Alipofika Utetela, huko Kongo, Tippu Tip alikwisha sikia kwamba zamani dada wa mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alitekwa vitani akapotea. Akadai kwamba yule mwanamke alifika mikononi mwa babu yake akamzaa mama mmoja wa ukoo wao, kwa hiyo yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee Kasongo alimsadiki, akamkabidhi utawala, na pembe za nchi nzima zikawa zake. Hadithi hiyo ilikuwa ya uongo, na msimulizi mwenyewe anaieleza kama mfanyabiashara anayeeleza bei nzuri aliyoipata sokoni: bila aibu, kwa kuridhika na kazi iliyokwenda sawa.

Wasioonekana ni watu aliowateka. Wamo katika kila msafara, wanabeba pembe, wanagawanywa, wanahesabiwa, majina hawana. Mzee aliyekumbuka madeni ya miaka thelathini hakuona haja ya kumkumbuka hata mmoja wao kwa sura yake. Brode hakuwaulizia, naye hakuwataja.

Kwa hiyo Tippu Tip asisomwe peke yake. Kando yake kiwekwe Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela anasimulia maisha ya baba yake na wenzake waliotekwa bara, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Kiingereza na kupelekwa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875. Sifa anazowamwagia Waingereza zimewachosha wahakiki, na si bure: kitabu kilichapwa London wakati wa ukoloni, na mwandishi alijua nani angekisoma kwanza. Lakini sifa hizo zikishawekwa pembeni, hubaki kumbukumbu ya familia: njaa ya njiani, hofu ya baharini, watu wa makabila mbalimbali wakijifunza kuwa jamii moja pwani. Mwingine ni Rashid bin Hassani, Mbisa aliyechukuliwa utotoni akaishia utumwani Unguja. Maisha yake aliyoyasimulia uzeeni yamo katika Ten Africans, kitabu alichohariri Margery Perham mwaka 1936. Kwake Unguja ya Salma inaonekana kutoka uani.

Kuna pia fungu dogo la waandishi wa safari, ambao shule zimewasahau bila sababu. Carl Velten alikusanya maandishi yao katika Safari za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1901. Humo Salim bin Abakari, aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, anasimulia safari ya mwaka 1896 kupita Urusi hadi Siberia, kwa Kiswahili cha mtu anayewasimulia jamaa zake barazani. Miaka thelathini na mitano baadaye Martin Kayamba wa Tanganyika alipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, naye akaandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Huyu ni mwangalifu mno, karani wa serikali kila mstari, ila jicho lake ni kali.

Kisha anakuja Shaaban Robert, na hapa inafaa kutulia.

Alifanya kazi ya ukarani forodhani tangu 1926 hadi 1944, akahamishiwa Mpwapwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi Tanga. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949; sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ikaja kuunganishwa nacho. Wanaoitafuta Tanganyika ya wakoloni humo hulalamika kwamba mwandishi ana adabu kupita kiasi, kwamba anazunguka pale ambapo angepaswa kupiga. Malalamiko hayo yanapungua nguvu mtu akishaona kitabu kinamwelekea nani. Katikati yake zimo tenzi mbili, wa Hati na wa Adili, mmoja wa wosia kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe wa kiume. Amina, mkewe, alikwisha fariki. Huyu ni baba aliyefiwa, anayewaachia watoto wake mfano wa mtu aliyepita katika mateso bila kuivunja heshima yake, na katika hali hiyo adabu haikuwa woga. Ndiyo iliyokuwa urithi wenyewe.

Lakini Shaaban Robert wa pili yupo. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi. Wengi wa wapenzi wa riwaya yake Kusadikika hawajazishika. Ni barua kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Hapa ni kaka anayezungumza na ndugu yake, na aliyezoea kumwona mshairi juu ya jukwaa atamkuta kwenye kiti cha nyumbani. Anayesoma tawasifu na barua sambamba hupata kitu ambacho hakuna wasifu uliowahi kumpa: mtu yule yule, miaka ile ile, mbele ya wasikilizaji wawili.

Kwa wanawake wa pwani wasioshika kalamu, njia ilikuwa kinasa sauti. Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy walitoka katika ngazi tofauti za mji mmoja. Mishi alikuwa wa kizazi cha watumwa. Harusi, vyama vya ngoma ya lelemama, unyago, talaka, ugomvi wa kundi na kundi: Mombasa ya vitabu vya historia, iliyojaa maliwali na maofisa, inajaa watu kwa ghafla. Kwa kuwa ni mazungumzo yaliyonaswa, Kiswahili chake kinakwenda kwa mwendo wa ulimi wa pwani, na hilo peke yake ni sababu ya kuliacha toleo la Kiingereza kabatini.

Viongozi wanasomwa kwa tahadhari zaidi, maana msikilizaji wao ni taifa, na taifa lina kumbukumbu zake. Rais wa zamani wa Tanzania, Benjamin Mkapa, aliandika kwa Kiingereza, mwaka 2019. Mtangulizi wake, Ali Hassan Mwinyi, aliandika kwa Kiswahili, na Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu kikazinduliwa Mei 2021. Kurasa za sherehe na ziara zinaweza kupitwa haraka. Za kusomwa kwa makini ni zile ambazo kiongozi anasimama mahali palipouma: Mwinyi na kujiuzulu kwake uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, baada ya watu kufa Shinyanga mikononi mwa vyombo vya usalama, na Mkapa na mauaji ya Pemba ya Januari 2001, ambayo alikiri kuwa ni doa katika uongozi wake. Kukiri huko kulikuja akiwa nje ya madaraka kwa miaka kumi na minne. Kucheleweshwa hakufuti thamani yake, lakini msomaji ana haki ya kuihesabu hiyo miaka.

Miongoni mwa waandishi wa karibuni wawili wanapaswa kutangulia. Ken Walibora, aliyefariki Nairobi Aprili 2020, alituachia Nasikia Sauti ya Mama, na jina la kitabu limekwisha mtaja anayesikilizwa na anayesikiliza. Adam Shafi, mtunzi wa Kuli na Haini, alichapisha Mbali na Nyumbani mwaka 2013: ujana wake, safari ya nchi kavu kuelekea kaskazini kupitia Uganda na Sudan hadi Misri, mfukoni bila kitu na Ulaya kichwani. Ni tawasifu inayokwenda mbio kama riwaya, na mtu ambaye hajawahi kusoma aina hii ya vitabu afadhali aanze nayo, kisha arudi kwa Shaaban Robert na barua zake. Tippu Tip aje baadaye, pamoja na Mbotela, katika juma moja.