UZITO WA MFANYAKAZI NAO UPIMWE



Kila siku ya kazi mizani iko mbele yetu. Mchuma chai wa Teza au Rwegura hapimiwi siku yake, hupimiwa kapu lake. Mkata miwa wa Moso anajua hesabu ya tani. Hapa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, ndagala na mukeke wakitoka ziwani hupimwa, na mawese yakishuka kutoka Rumonge huhesabiwa kwa bidoni. Hamali anajua uzito wa gunia lililo mgongoni mwake hata kabla ya kuambiwa. Lakini mwulize uzito wa mwili wake mwenyewe. Wengi watakujibu kwamba mara ya mwisho walipimwa walipokuwa wakibebwa na mama, siku ya chanjo.

Makala hii inahusu uzito wa mwili, na hasa uzito wa mtu aliye katika safari ndefu ya meli. Msomaji wa kiwandani au wa shambani asiseme kwamba jambo hili si lake. Vijana wa Afrika Mashariki wanakwenda kufanya kazi katika meli kubwa za watalii, na huenda kesho akawa mwanao. Tena, yanayompata baharia ndiyo yanayompata mlinzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori na fundi wa mashine.

MELI NI KIWANDA KINACHOELEA

Watu wa Ziwa Tanganyika meli tunaijua. Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kutoka hapo hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Masanduku hayo hayakutembea yenyewe. Yalibebwa na migongo ya watu ambao hakuna aliyewapima.

Kiwanda hicho cha Papenburg sasa kinajulikana duniani kwa kujenga meli za watalii. Hizo ni miji inayoelea. Moja huchukua maelfu ya abiria, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wa kuwapikia, kuwafulia na kuwasafishia vyumba. Chakula cha abiria kimo ndani ya nauli, na meza ziko wazi tangu alfajiri hadi usiku. Abiria anakula kwa wiki moja au mbili bila hesabu, kisha anashuka na suruali isiyofunga kifungo. Hayo ni matatizo ya mwenye nafasi, na akifika kwake atayamaliza.

Mfanyakazi hashuki baada ya wiki mbili. Mkataba wake mara nyingi ni wa miezi sita hadi tisa. Anakula katika chumba cha wafanyakazi, huko chini, na sahani yake aghlabu ni wali, viazi na vitu vya kukaanga, kwa kuwa hivyo vinashibisha upesi. Analala kwa vipande. Mtu anayekosa usingizi huongezewa njaa na mwili wenyewe, na hutamani zaidi vitu vitamu na vya mafuta. Akitoka zamu saa nane za usiku hapati mboga, anapata soda na biskuti. Soda moja ya sentilita 33 huwa na sukari gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko tisa vidogo. Akinywa tatu kwa zamu moja, amekunywa zaidi ya gramu 100 za sukari bila kutafuna kitu.

Wengine melini hupungua. Anayefanya kazi katika chumba cha injini hutoka jasho kutwa. Mgeni wa bahari hutapika siku za kwanza. Na yupo anayejinyima chakula kwa mawazo ya nyumbani. Basi, tusidhani kwamba meli hunenepesha kila mtu.

UZITO NA CHETI CHA KAZI

Kwa nini baharia ajipime? Kwa sababu uzito wake unagusa mkate wake. Baharia hapandi meli ya kimataifa bila cheti cha afya, na kwa mtu mzima cheti hicho hakizidi miaka miwili. Miongozo ya kuwapima mabaharia, iliyotolewa mwaka 2013 na Shirika la Kazi Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Bahari, inataja uzito usio wa kawaida, wa juu na wa chini pia, kuwa jambo ambalo daktari lazima alitazame. Sababu inaeleweka. Siku ya moto au ya kuzama, baharia lazima apande ngazi, apite katika mlango mwembamba na kumwinua abiria aliyeanguka.

Sasa fikirini mtu aliyeongezeka kilo moja tu kila mwezi. Kwa mwezi haonekani. Baada ya mikataba miwili anakwenda kupimwa akiwa na kilo 15 zaidi, presha iko juu na sukari imeingia katika damu. Daktari anaweza kumzuia kwa muda, au kwa kazi fulani. Nyumbani kuna watoto wa shule na deni la nauli ya kwanza. Kilo zile zingeonekana katika mwezi wa pili kama zingeandikwa.

NAMNA YA KUJIPIMA

1. Jipime kabla ya kuondoka nyumbani, katika zahanati au kwenye duka la dawa. Andika kilo na tarehe katika daftari. Bila namba ya kwanza, namba nyingine zote hazina maana.

2. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile: asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Usijipime kila saa. Chakula chenye chumvi nyingi huzuia maji mwilini, na mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi kwa siku moja, kisha ikashuka.

3. Usiiamini mizani wakati chombo kinayumba. Mshale utacheza kama mtumbwi wakati wa upepo wa kusini wa kiangazi. Subiri meli ifunge bandarini, uweke mizani penye sakafu ngumu na iliyo sawa.

4. Kama mizani hakuna, tumia kamba. Jipime urefu kwa kamba kuanzia utosini hadi kisiginoni, kata hapo. Kunja kamba hiyo mara mbili sawasawa, halafu izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili ya hatari kwa moyo na kwa kisukari. Kamba haihitaji umeme, na inafaa melini, shambani na kiwandani.

5. Anayependa hesabu achukue kilo zake, agawe kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jibu la kati ya 18.5 na 25 ni la kawaida kwa mtu mzima. Kwa mfano, mtu wa mita 1.70: zidisha 1.70 kwa 1.70, unapata 2.89. Basi uzito wake unafaa uwe kati ya kilo 54 na 72 hivi. Lakini hesabu hii haijui misuli. Hamali mwenye kifua kipana anaweza kuzidi bila kuwa mgonjwa, ndiyo maana tunasema kamba itumike pamoja na mizani. Na mama mjamzito asiitumie hesabu hii.

UZITO UKISHUKA

Kwetu mtu akinenepa husifiwa kwamba maisha yamemkubali, na akikonda hunong'onwa. Mazoea yote mawili ni mabaya. Unene si cheo, na kukonda si aibu.

Hata hivyo, uzito ukishuka bila wewe kukusudia, usikae kimya. Inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, virusi vya UKIMWI, au ni chakula tu hakitoshi. Ukiona kilo zinashuka na kikohozi kimezidi wiki mbili, au unatoka jasho usiku, nenda kapimwe makohozi. Kifua kikuu hutibika, lakini katika chumba kimoja cha mabaharia wanne, au katika nyumba za vibarua shambani, mgonjwa mmoja aliyechelewa huwaambukiza wenzake. Hapo daftari la uzito linawalinda wote.

CHAKULA NI HAKI

Ndugu msomaji, tusimwachie mfanyakazi mzigo wote wa uzito wake. Hakuchagua yeye kinachopikwa, wala saa za zamu.

Mwezi Juni 1905 mabaharia wa manowari ya Kirusi iitwayo Potemkin, katika Bahari Nyeusi, walipewa nyama yenye mabuu. Walikataa, na ukawa uasi uliojulikana dunia nzima. Mwaka 1946 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 68 kuhusu chakula cha mabaharia. Leo unaotumika ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza nguvu mwaka 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Unasema hivi: baharia ale bure melini, chakula kiwe cha kutosha na cha namna mbalimbali, nahodha ahakikishe akiba ya chakula, maji na jiko vinakaguliwa mara kwa mara, na kama saa zinahesabiwa kwa mapumziko, yasipungue saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yametilia mkazo maji safi ya kunywa ya bure na mlo kamili.

Lakini sikilizeni vizuri. Mkataba huo hauhusu meli zinazosafiri katika maji ya ndani peke yake. Maana yake, baharia anayetoka Bujumbura kwenda Kigoma, Kalemie au Mpulungu hana kinga hiyo. Anakula alichobeba, na analala juu ya mizigo. Haki yake itatoka katika sheria ya nchi na katika nguvu ya chama chake. Kwa viwandani kuna Pendekezo Namba 102 la mwaka 1956, linalozungumza juu ya mahali pa kula na pa kupumzika kazini. Tulisome na kulitumia katika mazungumzo na waajiri.

Basi, tunapendekeza mambo haya yaingie katika ajenda ya kila tawi:

Kwanza, kila zahanati ya kazini iwe na mizani iliyosahihishwa, ya kupima watu. Ikiwa mwajiri anaweza kununua ya kupimia majani, anaweza kununua na hiyo.

Pili, chakula kinachopikwa kazini kiwe na maharage, ndagala, sombe au lengalenga, si ugali na chumvi tu, na maji safi yawepo saa zote za kazi.

Tatu, anayemaliza zamu ya usiku apate muda wa kulala kabla ya zamu nyingine.

Nne, na hili tusilegee: daftari la uzito ni mali ya mfanyakazi. Si la msimamizi, si la ofisi ya malipo. Namba zake zimsaidie kutibiwa, zisiwe kisingizio cha kumwondoa kazini mnene wala mwembamba.

Wakati tukidai hayo, kila mmoja aanze leo na lililo mikononi mwake. Kamba ipo, na kalamu ipo. Wajumbe wa matawi waje na mita ya fundi cherehani katika mkutano ujao, tupimane urefu na kiuno kabla ya kufungua ajenda.

Umoja ni nguvu.