Makonyo ya Pemba na uhai wa waridi sokoni

Katika biashara ya maua, siku moja ni fedha. Waridi linalodumu siku tano na linalodumu siku kumi hugharimu sawa shambani, lakini la kwanza huuzwa kwa bei ya kutupa au huishia jalalani. Wauzaji wanaotafuta njia ya kuongeza siku hizo wana sababu ya kuyatazama mafuta ya mimea.

Ua lililokatwa huharibiwa sana na maji linamosimama. Bakteria huzaliana humo, huziba mishipa ya shina, na waridi huinamisha shingo kabla halijachanua. Klorini na chumvi za madini ya fedha huzuia hali hiyo, ila madini ya fedha ni sumu kwa viumbe wa majini na mabaki yake hayamwagwi ovyo.

Mwaka 2009 watafiti wa Irani walichapisha majaribio waliyofanya kwa maua ya gerbera. Walitumia karvakroli, kiini kilichomo katika mafuta ya zaatari, pamoja na sukari. Maua yaliyokuwa yakidumu siku 8 hivi yalifikia karibu siku 16. Kipimo kilikuwa miligramu 50 hadi 100 kwa lita.

Mfanyabiashara afanye hesabu hapo. Ndoo ya lita 10 inahitaji gramu 1 tu, na kilo moja hutosha lita 10,000. Kwa mwenye maua, gharama ni ndogo. Kwa anayetaka kulimbikiza mafuta akitarajia wakulima wa Naivasha wayagombee, hesabu hiyo hiyo ni onyo: mahitaji hayawezi kuwa makubwa.

Kwetu, mafuta yaliyo karibu ni ya karafuu. Kisiwani Pemba, kiwanda kilichopo Wawi hukamua makonyo, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ambayo nayo huua bakteria. Hata hivyo, kipimo cha karvakroli kisihamishiwe kwenye karafuu, wala cha gerbera kwenye waridi, bila kujaribiwa.

Zipo tahadhari nyingine. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo huyeyushwa kwanza katika spiriti kidogo. Yakizidi huunguza majani na petali. Wala hayachukui nafasi ya chumba cha baridi: ua lililopigwa na joto njiani kutoka shambani hadi uwanja wa ndege haliokolewi na ndoo yoyote.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo ni huu: chukua ndoo mbili na maua ya shamba moja yaliyokatwa siku moja. Moja itie mafuta, nyingine iache kama kawaida, kisha hesabu siku. Tofauti ikiwa chini ya siku mbili, fedha yako iweke kwenye barafu na usafiri.