Kizingiti Kiko Mita Ngapi?

Mama mmoja wa Kalundu, hapa Uvira, alinitolea karatasi ya parseli yake kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Mita 20 kwa 15, mawe manne ya mpaka, mhuri. “Jeometa,” akaniuliza, “karatasi yangu ina kosa gani?” Nilipima pande zote upya, sikuona kosa. Ila jiwe la nne sikuliona kwa macho, nililipapasa kwa mguu ndani ya maji yaliyonifika magotini. Ilikuwa 2024, Ziwa Tanganyika limekaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari.

Tangu siku hiyo kila anayetaka kununua kiwanja hapa Uvira namwambia: karatasi inakupa urefu na upana, kimo haikupi. Na mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Hapa kimo ndicho kinachoamua nani atalala pakavu.

Kimo ni kigumu kupima tangu zamani. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliofika Uvira Aprili 1858, walitafuta kimo cha ziwa hili kwa kuchemsha maji, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Lakini nyuzi moja tu ya joto ni kama mita 300 za kimo! Walipata mita 560 hivi, na ziwa liko juu ya 770. Hata simu uliyo nayo mfukoni inaweza kukupoteza mita kadhaa, na kwenye ufuko huu nusu mita inatosha kumhamisha mtu.

Mimi natumia vipokezi viwili vya satelaiti. Kimoja nakisimamisha juu ya alama ambayo kimo chake kinajulikana, kingine natembea nacho. Kile kilichosimama kinajua mahali pake, kwa hiyo mawimbi ya satelaiti yakidanganya kinagundua papo hapo na kumrekebisha mwenzake kwa redio. Kosa linabaki sentimita chache. Kwa yule mama nilipima kizingiti, choo, shina la mwembe, hadi barabara ya nyuma. Sakafu ya jiko ilikuwa sentimita 40 chini ya maji ya ziwa. Barabara, hatua 60 tu kutoka pale, ilikuwa mita 2 juu yake.

Kuna pia kifaa cha kupima nyumba nzima, skana ya leza. Hiyo nimeishika siku mbili tu, tena ya kuazima, katika nyumba ya matofali ya wakati wa Wabelgiji ambayo mwenyewe alitaka kuikarabati. Inazunguka juu ya miguu mitatu ikirusha mwanga, mwanga unagonga ukuta na kurudi. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, basi muda wa kwenda na kurudi unatoa umbali. Hufanya hivyo mara laki kadhaa kila sekunde, na unachopata ni nyumba nzima iliyofumwa kwa nukta, kila nukta na kimo chake. Ukuta mmoja ulikuwa umelalia upande wa ziwa sentimita 6. Mwenye nyumba ameishi humo miaka yote bila kuliona hilo.

Kampala walipima hivyo makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi mwaka 2009. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukateketeza jumba kuu la nyasi, vipimo vikabaki. Naifikiria sana Kasubi, kwa sababu mto Mulongwe wa hapa Uvira ulipofurika usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 na kusomba watu na nyumba, familia ziliniita niwatafutie viwanja vyao chini ya mawe na tope. Mawe ya mpaka yalikuwa yamekwenda na maji. Mzee mmoja alininyooshea kidole tu: “Pale, palikuwa na mlango wangu.” Niliandika alichosema. Sikuwa na kipimo kingine.

Yule mama wa Kalundu aliomba nimwandikie kimo nyuma ya karatasi yake. Nikaandika: kizingiti, mita 776.5. Alikisoma mara mbili, akaikunja karatasi, akaniuliza viwanja vya juu ya barabara vinauzwa bei gani.