Yumo Ndani, Mfumo Unasema Hayupo

Longisa, kando ya barabara ya Bomet kwenda Narok, ndipo ilipo hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Bomet. Majina ya Wakipsigis wa pande hizi mara nyingi hueleza mtoto alizaliwa lini au katika hali gani: Kipkoech alikuja kukipambazuka, Cheruiyot usiku watu wamelala. Ni majina yenye habari ndani yake. Yakiingia kwenye hifadhidata, huwa mtihani. Karani wa kituo chochote cha afya anaweza kuandika jina la mgonjwa aliyetibiwa mwaka jana, na skrini ikamjibu kwamba hakuna rekodi.

Rekodi ipo. Kompyuta hailinganishi watu wala sauti za majina yao, inalinganisha namba. Kila herufi na kila alama ina namba yake. Chukua Ng'eno. Ritifaa ya kawaida ya kibodi ni 39. Ile iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe bila kuulizwa, ni 8217. Ipo ya tatu, 700, na wengine hubonyeza alama ya 96 inayofanana nazo. Kwa macho yetu hao wote ni Ng'eno mmoja, kwa mashine ni watu wanne, na Ngeno asiye na ritifaa ni wa tano.

Kuna baya zaidi. SQL, lugha inayotumika kuuliza hifadhidata nyingi duniani, huitumia ritifaa hiyo ya 39 kuonyesha mwanzo na mwisho wa neno linalotafutwa. Programu iliyoandikwa ovyo ikipewa Ng'eno hudhani neno limeishia kwenye Ng, kisha hukwama. Udhaifu huohuo ni mlango wa wadukuzi. Wapo waandaaji programu wanaoifuta ritifaa wakati wa kuhifadhi, wakasahau kuifuta wakati wa kutafuta. Basi amehifadhiwa Ngeno, anatafutwa Ng'eno, na hawakutani kamwe.

Je, mashine haiwezi kutafuta kwa sauti? Inaweza. Mwaka 1918 Robert Russell wa Marekani alipata hataza ya Soundex, mbinu inayobakisha herufi ya kwanza ya jina na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Ilitumika kupanga majina ya sensa ya huko. Ilete kwetu uone. Chepkoech anapata C122. Jepkoech, jina lilelile kwa matamshi ya Wanandi, anapata J122. Langat ni L523, Lagat ni L230. Mbinu imeshindwa palepale tulipoihitaji.

Mrusi Vladimir Levenshtein alikuja na njia nyingine mwaka 1965: hesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine. Langat na Lagat wako umbali wa 1, vizuri. Chepkoech na Jepkoech, 2. Lakini Jepkoech na Kipkoech, msichana na mvulana, nao ni 2! Ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Lazima jinsia, mwaka wa kuzaliwa na kijiji viingie kwenye hesabu.

Namba ya mgonjwa husaidia sana. Kituo cha Mosoriot, Nandi, kilianza kutunza rekodi kwa kompyuta mwaka 2001, na uzoefu huo ukachangia kuzaliwa kwa mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS mwaka 2004. Kitambulisho cha kawaida cha mgonjwa katika mfumo huo hakitumii herufi B, I, O, Q, S na Z, zinazochanganywa kirahisi na tarakimu au herufi nyingine, na alama yake ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivyo ukikosea kunakili, mfumo unakugutusha. Ila kadi yenye namba hiyo hupotea, na hapo tunarudi kwenye jina.

Karani, kabla ya kufungua faili jipya, andika pungufu: "koech" tu, au "eno". Geuza mpangilio wa majina. Jaribu namba ya simu bila 0 wala 254 ya mwanzo. Faili la pili humgawa mgonjwa: mzio wake wa dawa unabaki kwenye faili moja, daktari anasoma jingine.

Nanyi mnaonunua mifumo ya kaunti, msitie sahihi kabla ya kuijaribu kwa Ng'eno, Lang'at na Chepkoech, kwa kila namna wanavyoandikwa. Mfumo ukishindwa kuwapata, urudisheni kwa aliyeutengeneza.