Filtri ya maji si uchawi: tuijue, tuitunze

Wandugu, kila kolera inaporudi hapa Kalemie, swali ni lile lile: "Siye tuko na filtri nyumbani, si tuko salama?" Jibu: inategemea ni filtri gani, na nani anaiosha.

Robine zikikauka, tunashuka na mabidoni ziwani ao ku Lukuga, mahali wengine wanaoga na kufua. Uvira, kwenye ziwa hili hili, watafiti walifuata jambo hilo toka 2009 mpaka 2014: maji ya robine yakikatika, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera waliongezeka katika siku 12 zilizofuata. Siku hizo ndizo filtri inapata kazi nyingi.

Kuko filtri mbili ambazo watu wanachanganya.

Ya kwanza ni karafi ya plastiki yenye kartushi ya makala. Ilitengenezwa kwa watu ambao maji yao ya robine yamekwisha kusafishwa. Inapunguza harufu, ladha mbaya na klorini. Karafi nyingi za namna hii hazikutengenezwa kuzuia vijidudu vya kolera. Tena makala yakiondoa klorini, maji yanabaki bila ulinzi. Kwa hiyo maji ya ziwa usiyaamini kwa karafi: yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1. Na kartushi ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na aliyeitengeneza, hata kama maji bado yanaonekana meupe.

Ya pili ni ya udongo wa kuchoma: chungu ao "buji" juu, ndoo yenye robine chini. Watu wa agronomia tunaielewa haraka. Udongo wa chungu unachanganywa na maganda ya mpunga ao unga wa mbao; moto unaunguza maganda, yanaacha matundu madogo sana. Vijidudu vya kolera vingi vinakwama humo. Virusi ni vidogo zaidi, vinaweza kupita. Ndiyo maana klorini bado ina kazi.

Sasa namna ya kuitunza:

1. Maji ya matope, acha yatulie kwanza, halafu uyapitishe kwa kitambaa safi. Matope yanaziba matundu.

2. Ikianza kuchelewa, nawa mikono, sugua udongo polepole kwa brosi laini na maji safi. Usitie sabuni: inaingia ndani ya matundu na kutoka ni shida. Usiguse upande maji yanakotokea, na usiweke chungu chini sakafuni.

3. Ndoo ya chini na robine yake, hizo ndizo za sabuni, kila wiki. Suuza kwa maji yaliyochujwa ao kuchemshwa, si kwa maji ya ziwa.

4. Klorini itiwe ndani ya maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ngoja dakika 30 ndipo unywe. Buji nyingi ziko na makala ndani, ukitia klorini juu zinaimeza.

5. Chungu kizuri kinapitisha karibu lita 1 mpaka 3 kwa saa. Kikianza ghafula kutiririka mbio, usifurahi: labda kiko na ufa. Na chungu chenye ufa hakichuji tena, hata ukibandika gundi. Kibadilishe.

Mwisho, kikombe. Maji yametoka safi, mtoto anafungua ndoo na kuzamisha kikombe pamoja na vidole: kazi yote imeharibika. Tumia robine ya ndoo, na kifuniko kibaki juu.

Nyumba nyingi, anayeosha filtri si siye wenye diploma. Ni mdogo wetu wa kike, ao kijana wa kazi, na hakuna aliyemuonyesha. Tunajua kueleza vijidudu kwenye mtihani. Basi leo jioni keti naye karibu na ndoo, muioshe pamoja mara moja, umuonyeshe upande wa kugusa na upande wa kuacha. Inachukua dakika chache, na mtoto wa nyumba ndiye atakayekunywa.