Umuhimu wa Kamusi ya Kiarabu kwa Kiarabu kwa Mwanafunzi wa Elimu

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Wengi wetu tunaojifunza lugha ya Qur-aan hutegemea maneno ambayo Kiswahili kimeyachukua kutoka Kiarabu. Tunadhani neno likifanana, basi na maana ni ile ile. Tuangalie hatari yake kwa mfano mmoja.

Katika Suratul Maaida, aya ya 96, Allah ametuhalalishia mawindo ya "bahr", yawe manufaa kwetu na kwa "sayyaara". Mwanafunzi wa Ujiji atasema "bahr" ni bahari, yaani maji ya chumvi. Je, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni matamu, hawamo katika aya hii?

Akifungua Lisaanul Arab ya Ibn Mandhuur (aliyefariki mwaka 711 H), atakuta kuwa "bahr" ni maji mengi, yawe ya chumvi au matamu, ingawa hutumika zaidi kwa ya chumvi. Na katika Suratu Faatir, aya ya 12, Allah ametaja bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi, na kwamba zote mbili hutupatia kitoweo. Basi samaki wa ziwa wamo.

Na "sayyaara" je? Vitabu vya masomo vya leo vinasema ni gari. Kamusi itamrudisha kwenye mzizi wake, siin-yaa-raa, wenye maana ya kwenda. "Sayyaara" katika aya ni kundi la wasafiri. Watu wa Ujiji, mji ambao karne ya 19 ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Vipi tuzitumie kamusi hizi? Kwanza, tusome sarfu kiasi cha kuweza kuutoa mzizi wa neno. Pili, tujue mpangilio wa kila kitabu. Al-Mu'jamul Wasiit hufuata herufi ya kwanza ya mzizi, lakini Al-Qaamuusul Muhiit ya Fayruuzabaadi (aliyefariki 817 H) huanza na herufi ya mwisho: "sayyaara" utaitafuta mlango wa raa, fasili ya siin. Tatu, kwa fiqhi ya Kishafii, Al-Misbaahul Muniir ya Al-Fayyuumi ni msaada mkubwa.

Lakini tutanabahi: kamusi hutoa maana ya kilugha, si hukumu. Kilugha "swalaa" ni dua, bali kisheria ni ibada yenye nguzo na sharti zake. Anayetoa fatwa kwa kamusi peke yake amepotea. Kamusi ikae mkononi, na mwalimu awe mbele yetu.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiiq.